Mwisho wa Kaka

Siku daktari alipotamka neno skizofrenia, mama aliuliza swali moja tu: "Atapona?" Daktari akavua miwani, akaifuta. "Mama, tutaona." Basi. Tukapanda daladala kurudi Manzese, njia nzima kimya.

Mtaani jibu walikuwa nalo. Washkaji wa kijiweni walisema mtu akishaanza kuongea peke yake ndiyo basi tena, kaisha huyo. Ndugu msomaji, nisikufiche, niliwaamini. Mimi nimeishia kidato cha nne na nina daftari tatu za riwaya isiyokwisha. Humo nilikuwa nimeshamwandikia kaka mwisho wake: anafia jalalani, peke yake.

Baadaye nikaanza kusoma. Kumbe hata wataalamu walikuwa na kijiwe chao! Mjerumani Emil Kraepelin, mwishoni mwa miaka ya 1800, alifundisha kwamba maradhi haya kwa kawaida huishia kwenye kuharibika kwa akili. Lakini mwaka 1987 Courtenay Harding na wenzake walitangaza habari za wagonjwa 269 wa Vermont, Marekani. Hao walitoka wodi za watu waliokatiwa tamaa, wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka 32. Kati ya nusu na theluthi mbili yao walikuwa wamepata nafuu kubwa au wamepona.

Dalili za kubashiri zipo. Ugonjwa ulioanza ghafla huwa na matumaini kuliko ulionyemelea polepole, na kuchelewa matibabu huharibu mambo. Sisi tulichelewa miezi minane tukizunguka kwa waganga. Linaniuma hilo, maana mimi ndiye niliyesema tungoje kwanza. Ila dalili hizo husema habari za watu wengi kwa pamoja. Ukimshika mtu mmoja ukasema huyu ataishia hivi, unaweza kukosea vibaya.

Juzi kaka alilikuta daftari. Alisoma taratibu mpaka mwisho, mimi nimesimama mlangoni natoka jasho. Akaniangalia.

"Dogo, mbona umeniua mapema hivyo?"

Sikuwa na la kusema. Akanirudishia daftari, akaenda kumchotea mama maji.

Ukurasa ule nimeuchana. Jumatatu nampeleka kliniki. Safari hii sitauliza kama atapona. Nitauliza kama dawa zipo.