Munganga wa Castle Vale

Kabla ya yote mtuwie radhi kwa hili neno "sisi". Kwetu Tanga mtu mzima akiulizwa nani kaimaliza haluwa, hujibu "ni sie", hata kama alikuwa chumbani peke yake. Robo karne ya Ughaibuni haijatutoa tabia hiyo, na humu ndani mtaikuta kila mahali.

Jumamosi moja ya Februari 2025 tulikuwa kwenye basi kuelekea Castle Vale, kaskazini mashariki ya jiji la Birmingham. Kwa wasiopajua, ni mtaa uliojengwa miaka ya 1960 juu ya uwanja wa zamani wa ndege, ule ambao wakati wa Vita vya Pili vya Dunia zilijaribiwa Spitfire zilizoundwa katika kiwanda cha jirani cha Castle Bromwich. Hadi leo barabara zake zina majina ya viwanja vya ndege, Farnborough, Tangmere na kadhalika, na kwenye mzunguko wa barabara imesimama sanamu ya chuma ya Tim Tolkien, iliyowekwa mwaka 2000, Spitfire tatu zikiruka kila moja na upande wake. Zamani palikuwa na maghorofa marefu 34. Kati ya 1993 na 2005 yakabomolewa, yakabaki mawili tu.

Uwanja wa ndege huchaguliwa mahali tambarare, na mahali tambarare pana upepo. Hatuutaji upepo huu kwa kulalamika, kama ilivyo ada yetu sote hapa Ukerewe. Tunautaja kwa sababu ya kazi. Kijana mwenye selimundu akisimama nusu saa kituoni kwenye baridi ya namna hii, anaweza kulazwa wiki nzima.

Kazi yetu ni udaktari bingwa wa magonjwa ya damu, katika hospitali ambayo hatutaitaja. Bibi yetu, Mungu amrehemu, alipoelezwa mara ya kwanza alishika kichwa: "Yaani mjukuu wangu kaenda Ulaya kuwa mumiani?" Watu wa pwani mnawajua mumiani, wale waliosemekana kunyonya damu za watu usiku ili itengenezewe dawa. Tulimcheka. Lakini ukiitazama ratiba yetu, bibi hakuwa mbali sana. Damu za watu hutolewa asubuhi, huzungushwa kwenye mashine, hukaguliwa kwa darubini, na ikibidi mtu hutiwa damu ya mwingine. Siku moja ni saratani za damu, siku nyingine ni mabonge yaliyoganda kwenye mishipa ya miguu, au watu wa hemofilia ambao jeraha dogo haliachi kuvuja. Alhamisi ni kliniki ya selimundu. Hiyo ndiyo tunayoisubiri wiki nzima, na ndiyo inayotuchosha, maana huko ndiko tunakokutana na majina ya nyumbani.

Selimundu ni neno la juzijuzi. Zamani Dar tulisema siko seli tu. Lakini aliyelitunga alipatia. Chembe nyekundu ya damu kwa kawaida ni duara, kama andazi lililobonyea katikati. Ya mgonjwa ikipungukiwa oksijeni hujikunja kama mundu, huu huu wa kukatia mpunga. Mundu haupiti vizuri kwenye mshipa mwembamba. Hukwama, nyuma yake foleni hujaa, na sehemu ya mwili iliyokuwa ikisubiri damu hukosa hewa. Mgonjwa wetu mmoja alituambia maumivu yake ni kama mguu umebanwa na mlango wa gari, na hakuna anayekuja kuufungua.

Na dunia ilielimika kuhusu jambo hili kwa damu yetu. Mwaka 1949 kijana wa Oxford aitwaye Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alizunguka nchi hiyo akipima damu za makabila mbalimbali. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria alikuta makabila ambayo zaidi ya mtu mmoja kati ya watano amebeba kinasaba cha selimundu. Nyanda za juu, karibu hakuna. Tofauti ilikuwa ni mbu. Mwaka 1954 akachapisha maelezo yake: anayerithi kinasaba kimoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na anayerithi viwili, cha baba na cha mama, ndiye mgonjwa. Kilichowaokoa babu zetu na homa ndicho kinachowaua baadhi ya watoto wetu. Kila mwaka tunawafundisha wanafunzi habari hii, na kila mwaka wanaandika tu, bila kushughulika kwamba huyo aliyesimama mbele yao ni mtu wa pwani ile ile, ng'ambo ya mpaka.

Birmingham nayo ina fungu lake. Elizabeth Anionwu, aliyezaliwa mji huu mwaka 1947, baba Mnigeria, ndiye muuguzi wa kwanza Uingereza kubobea katika selimundu, na mwaka 1979 alisaidia kuanzisha Brent, kule London, kituo cha kwanza cha kuwashauri wenye maradhi haya. Siku hizi mtoto yeyote anayezaliwa hapa huchomwa kisigino akiwa na siku tano hivi, tone la damu likapimwa. Mwenye ugonjwa huanza penisilini akiwa bado mchanga.

Kijana wa Castle Vale hakuchomwa kisigino. Alizaliwa mwaka 2009 katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, wazazi wake wakiwa wamekimbia kutoka Uvira. Siku ya kwanza mama yake alipoingia kliniki alitusalimu, "Jambo, munganga." Tulishtuka. Kwetu mganga ni wa tunguri na ubani! Lakini Kiswahili cha Kongo ndivyo kinavyomwita daktari, na tangu siku hiyo sisi ni munganga na yeye ni Mama.

Usiku mmoja wa Desemba 2024 kijana alitoka shule kwa miguu, upepo ule ule. Saa tano usiku akapelekwa hospitali. Mwongozo wa taifa wa tangu mwaka 2012 unasema mgonjwa wa selimundu anayefika na maumivu makali apewe dawa ndani ya dakika 30. Yeye alisubiri karibu saa tatu. Alikuwa na vidude vya kusikilizia masikioni, anatazama mpira kwenye simu, na mara moja alicheka. Mtu akaandika kwenye faili: haonekani kuwa na maumivu.

Tulimkuta asubuhi, midomo imekauka, macho ya manjano. Mama amesimama kandoni na koti lake, kitenge kinachungulia chini. "Munganga, wanasema mutoto anacheka. Anacheka juu alizoea."

Tulikwenda kugomba. Tuligomba kwa Kiingereza kile cha hasira, chenye "tafadhali" nyingi. Walitusikiliza, wakaomba radhi, fomu zikajazwa. Kisha tukajifungia ofisini, na hapo hasira ikageuka ikatutazama sisi wenyewe.

Maana mwaka 2001, katika mji mwingine, sisi tukiwa daktari mdogo wa zamu, palikuwa na mgonjwa, Mjamaika mtu mzima, akitazama kriketi kwenye televisheni. Tukamuuliza maumivu ni ngapi kati ya kumi. Kumi, alisema, bila kuondoa macho kwenye kriketi. Tukaandika kwa mkono wetu wenyewe maneno yale yale, karibu herufi kwa herufi. Hakufa, tunamshukuru Mungu. Alitutazama tu, akageukia ukutani.

Na kabla ya huyo alikuwapo mdogo wetu wa kike.

Tulikuwa watoto saba. Yeye masika yakianza alikuwa akikaa chini njiani, ndoo pembeni, ameshika miguu yote miwili, analia. Wazee walisema ni baridi yabisi, wakamkanda kwa mafuta ya nazi. Alifungwa hirizi. Sisi ndugu zake tulikuwa na neno fupi zaidi: anadeka. Tuliiga mwendo wake. Zamu yake ya maji ilipokuwa ikitufikia sisi, tulimfinya. Alifariki masika ya 1975, ana miaka sita, na watu walisema homa.

Mwaka 1987, darasani Muhimbili, mwalimu alichora mundu ubaoni. Akataja vidole vya mtoto mchanga vinavyovimba, macho ya manjano, maumivu ya mifupa wakati wa mvua. Tulitoka nje tukakaa chini ya mti mpaka kipindi kikaisha. Hatukumwambia mtu. Kumwambia baba na mama ni kuwaambia kwamba kila mmoja wao alichangia nusu. Tulijipima wenyewe kimya kimya, tumebeba. Na hapa tutasema jambo ambalo wagonjwa wetu hawajawahi kulisikia: mama watoto tulimpima baada ya ndoa. Hajabeba. Ingekuwa vinginevyo, hatujui tungemwambia nini, sisi ambao kila Alhamisi tunawahimiza vijana wapime kwanza.

Usiku ule wa Desemba tulipiga simu Tanga. Mama ana zaidi ya miaka themanini, masikio bado mazima. Tulimweleza. Akauliza ugonjwa unaitwaje. Akalirudia jina polepole, kama anayeonja mchuzi umekolea chumvi au bado.

"Kwa hiyo hakuwa akideka?"

"Hakuwa, mama."

Simu ilibaki wazi muda mrefu. Tulisikia jogoo wa jirani.

Basi hiyo ndiyo sababu ya safari ya Castle Vale. Mama wa kijana alikusanya watu ukumbini, thelathini hivi: Wakongo, Warundi, Watanzania wachache wa zamani za kubeba boksi, Wabarawa wawili waliokuja na sambusa. Tulibeba picha za kuonyesha ukutani. Hatukuzionyesha. Tuliwasimulia habari za mdogo wetu, na zile ndoo.

Maswali yalikuwa mengi, na swali kubwa lilikuwa la hesabu. Watu wengi wanadhani wazazi wawili wenye kinasaba wakishapata mtoto mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama. Sivyo. Kila mimba ni kura mpya: nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mgonjwa, mbili kati ya nne ya kuzaa mbebaji, na kura haikumbuki aliyetangulia. Baba mmoja alihesabu watoto wake kwa vidole, akarudisha mkono mfukoni.

Wakauliza dawa. Ipo haidroksiyurea, ya vidonge, ambayo kijana anaimeza kila siku na inapunguza mashambulizi. Ipo mashine ya kumbadilishia damu. Lipo pia tiba la kuhariri vinasaba vya seli za uboho wa mgonjwa. Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza kuliidhinisha, Novemba 2023, na mwisho wa Januari 2025 likakubaliwa kulipiwa na serikali hapa England kwa baadhi ya wagonjwa. Bei yake ya kutangazwa ni zaidi ya pauni milioni 1.6 kwa mtu mmoja. Ukumbi ulipiga mluzi. Wakati huo huo, nchi hii hii inamtoza mtu mzima mwenye selimundu ada ya kawaida ya dawa dirishani, kwa sababu ugonjwa wake haumo kwenye orodha ya kusamehewa. Hilo sisi hatujaweza kumweleza mtu akatuelewa.

Na mashine ile inataka damu. Ipo aina iitwayo Ro, ambayo zaidi ya nusu ya wachangiaji weusi wanayo, na kwa wachangiaji wote kwa jumla ni kama wawili katika mia. Tulipotaja kuchangia, mzee mmoja alinong'ona "mumiani", watu wakacheka, na sisi tukamkumbuka bibi.

Halafu Mama akasimama. Binti yake mkubwa anachumbiwa, wengi pale walijua. Akasema, "Mutoto wangu wa kiume ni mugonjwa. Niliwaambia ni malaria ya kambi. Nilidanganya." Akakaa. Binti hakuinua macho. Mwanamume mmoja aliyekaa nyuma alichukua koti lake akatoka. Hatujui kama ni basi lililomwita au ni maneno yale. Baadaye watu sita walikuja mezani kuandika majina ya kwenda kupimwa. Binti alikuwa wa nne, na aliandika na la mchumba wake.

Wakati wa kuondoka kijana alikuwa akikusanya viti, vinne vinne, anacheka na wenzake. Tulimfuata tukamuuliza ngapi kati ya kumi.

"Nne," alisema. Kisha akatutazama. "Tano."

Tulimpokea viti, tukavipanga sisi.