Ngazi za Ploti na Magongo Mawili

Gilgil

Mwanangu mpendwa,

Mama yako amenieleza kwamba umetoka hospitali na mguu uko kwenye plasta, na kwamba umekataa kuhamia kwake mpaka upone. Sikulaumu, Kamere, huko Naivasha, umeizoea. Ila chumba chako kiko ghorofa ya pili, na ploti hiyo naijua: ngazi za saruji, reli upande mmoja tu, na vidato ambavyo fundi alivijenga kwa kukadiria kwa macho, kimoja kifupi, kinachofuata kirefu. Nimetembea na mkongojo miaka mingi, na ngazi za namna hiyo bado naziheshimu. Kwa hiyo nisikilize mimi kabla ya majirani.

Tuanze na magongo yenyewe. Simama wima ukiwa umevaa kiatu, mikono ining'inie. Pa kushikia pawe sawa na mkunjo wa kifundo cha mkono, ili ukishika, kiwiko kijikunje kidogo. Kati ya kwapa na kichwa cha gongo pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Uzito ubebwe na viganja. Wengi huona raha kujilaza juu ya magongo kwa makwapa. Baadaye mkono unakufa ganzi, kwa kuwa mishipa ya fahamu inayopita hapo imebanwa.

Ukipanda, mguu mzima utangulie, kisha magongo na mguu mgonjwa. Ukishuka, magongo kwanza, yafuatwe na mguu mgonjwa, mzima uje mwisho. Katika kila hatua kuna mguu mmoja unaobeba mwili wote: anayepanda huinuliwa na mguu uliotangulia, anayeshuka huteremshwa na ule uliobaki juu. Kazi hiyo upe mguu mzima siku zote. Shika reli kwa mkono mmoja, magongo yote mawili uyakusanye mkono wa pili. Na kwa kuwa reli yenu ni moja, ukipanda iko mkono huu na ukishuka iko ule mwingine, basi jizoeze pande zote mbili. Kama daktari hajakuruhusu kukanyaga, mguu ukae hewani. Usijaribu hata kuugusisha.

Kushuka ndiko kunakoangusha watu. Ukiona kizunguzungu, au umechoka tu, keti kwenye kidato ushuke kwa makalio, kidato kwa kidato, mguu wa plasta umeunyoosha mbele, magongo umpe mtoto wa jirani. Kupanda pia kunawezekana hivyo, mgongo ukitangulia. Siku ya kwanza watacheka. Waache wacheke.

Anayekusindikiza akae chini yako: ukipanda awe nyuma, ukishuka awe mbele. Asikuvute mkono, akushike kiunoni, kwenye mshipi. Mwambie hivyo hivyo konda wa matatu, maana wale wana haraka, na akishakuvuta mkono gongo limeanguka na wewe unalifuata.

Wasiwasi wangu mkubwa lakini ni maji. Bomba lenu liko chini, na asubuhi kila mtu anapandisha mtungi. Kabla jua halijachomoza vidato vimelowa kuanzia chini hadi juu. Halafu kuna lile vumbi lenu la majivu ya volkano, laini kama unga. Juu ya saruji kavu linateleza, na likipata maji ndio balaa kabisa. Kwa hiyo usishuke saa ile ya wafanyakazi wa mashamba ya maua kukimbilia basi. Ngoja wapite, ngoja pakauke. Kabla ya kidato cha kwanza pangusa raba za magongo kwa kitambaa, na mara kwa mara geuza gongo uzitazame: chini zina miviringo. Miviringo ikifutika, raba hiyo imekwisha, hata kama pembeni bado inang'aa.

Mtungi wako mlipe kijana akupandishie. Simu na chupa ya chai viende kwenye mkoba wa mgongoni. Dera refu na patipati vipumzike mpaka plasta itolewe.

Halafu giza. Olkaria mko nayo karibu, umeme unafuliwa hapo tangu 1981, lakini ngazi za ploti hazina taa kwa sababu wapangaji wanabishana nani anunue balbu! Nunua wewe, usibishane.

Zungumza pia na mwenye ploti. Muulize kama kuna chumba cha chini unachoweza kubadilishana na mtu kwa muda, na umwombe reli ya upande wa pili. Wewe utapona, lakini wazee wa humo hawatarudi ujanani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa njia inayofaa. Mtajie kwa upole, chai ikiwa mezani, si kwa kelele uani.

Binamu yako anakuja Naivasha Alhamisi. Pima upana wa ncha ya gongo unitumie kwa simu kabla ya siku hiyo, nikupatie raba mbili mpya. Balbu nitaiweka humo humo kwenye mfuko.

Shangazi yako