Bomba Lisilo na Mshono

Katika garaji za Kamina, karibu kila kiungo cha gari kina jina la Kifaransa lililokwisha kuzoea ulimi wetu: freni, ambreyaji, bujii, amoritisere. Ukivuka Ziwa Tanganyika ukaingia Kigoma, fundi wa huko atakuambia breki, klachi, plagi, shokapu. Gari ni lilelile, pengine Toyota zilizoshushwa siku moja katika bandari ya Dar es Salaam, lakini kila upande umerithi majina kwa mkoloni wake. Sisi wanafunzi wa lugha tunapenda mifano ya namna hii kwa sababu inajaza vizuri karatasi ya mtihani. Mwaka jana niliona kwamba neno moja la garaji linaweza kuwa na uzito mkubwa kuliko alama za mtihani.

Yaya wangu anauza samaki wakavu wanaotoka Bukama kwa treni. Kwa akiba ya miaka 3 alinunua Toyota Starlet ya mwaka 1994 huko Lubumbashi, akaileta Kamina juu ya lori. Usukani wake uko kulia, kama wa magari mengi ya Katanga, ingawa sheria yetu ni kuendesha upande wa kulia wa barabara. Hakuinunua kwa ajili ya samaki. Ng'ambo ya Kasumbalesa, nchini Zambia, kuna mashindano ya rali ambayo watu wa kawaida huingia na magari yao wenyewe, na yaya alitaka kuingia. Kamina hatuna uwanja wa mbio. Tuna mchanga, mashimo, vumbi la kiangazi na matope ya masika, na kwa kweli hivyo ndivyo rali inavyohitaji.

Wengi walimcheka. Starlet ni gari la teksi. Injini yake ina ujazo wa sentimita 1331 tu, na hapa kwetu, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kiasi kwamba injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Lakini uzito wake haufiki kilo 900, na vipuri vyake vinapatikana hata kwa muuzaji wa pembeni mwa soko.

Historia pia iko upande wa yaya. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 kwa njia iliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, magari yaliyotamba miaka ya kwanza hayakuwa ya fahari. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe ilishinda mwaka 1954, ikashinda tena mwaka 1957 na mwaka 1962. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, pamoja na mdogo wake Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93 na yakafika 7 vilevile. Mara zote mbili wa kwanza alikuwa Nick Nowicki, ndani ya Peugeot 404, gari la kupeleka familia kanisani. Na mwaka 1993 Mkenya Patrick Njiru alimaliza akiwa wa 12 ndani ya Subaru Vivio, kigari chenye injini ndogo kuliko ya pikipiki kubwa, huku nyota wa dunia Colin McRae, aliyekuwa na Vivio ya namna hiyohiyo, akishindwa kufika. Katika barabara zetu gari hushinda kwanza kwa kufika.

Papa Fundi, mwenye garaji ambako Starlet ilipelekwa, hajui habari za Nowicki wala Njiru, lakini somo hilo analijua. Yaya alifika na orodha yake: bomba la moshi lenye sauti nene, rangi mpya, namba kubwa mlangoni. Papa Fundi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza: «Na kusimama?»

Wakaanza na breki. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ambayo breki inapaswa kuimeza huongezeka mara nne, na nguvu hiyo yote hugeuka joto. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzi 230. Yakishakunywa unyevu, kama yanavyofanya taratibu kwa muda wote yanapokaa ndani ya gari, yanaweza kuchemka kuanzia nyuzi 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke ukibanwa hunywea, kwa hiyo mguu unazama hadi chini na gari linaendelea na safari yake. Mafuta ya zamani yalimwagwa yote. Rangi yake ilikuwa kama chai ya rangi.

Baada ya breki zilifuata amoritisere na springi, kisha bamba la chuma la kukinga tumbo la injini, kisha chujio la hewa, kwa kuwa vumbi la Kamina likiingia ndani ya silinda husaga chuma kama msasa. Viti vya nyuma, mazulia na mashine ya ubaridi viliondolewa ili gari liwe jepesi. Kazi hiyo yote ilifanyika kwa Kiswahili chetu cha garaji, na hakuna aliyehitaji msomi.

Msomi alihitajika ilipofika zamu ya kizimba, yaani fremu ya mabomba inayojengwa ndani ya gari ili paa lisiwaangukie waliomo gari likipinduka. Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lina kanuni zake kuhusu vifaa vya usalama, katika kifungu cha 253 cha Kiambatisho J, na zimeandikwa kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Yaya alizipata, akazichapisha, akazipeleka garaji, akaanza kusoma kwa Kifaransa. Alipofika kwenye maneno *sans soudure*, Papa Fundi alicheka hadi akaweka bisibisi chini.

«Bila kusude? Sasa tutafunga na kamba?»

Alikuwa na haki ya kucheka. Kizimba hujengwa kwa kuchomelea. Mtu aliyeshika mashine ya kuchomelea kwa miaka zaidi ya 30 akiambiwa «bila kuchomelea», atafikiri walioandika hawajawahi kuingia garaji. Hapo ndipo walipomwita mwanafunzi wa lugha.

Kifaransa hakikukosea, ila kilikuwa kinazungumzia wakati mwingine. Hakikuwa kinasema juu ya kuunganisha bomba na bomba, bali juu ya namna bomba lenyewe lilivyozaliwa. Bomba la kawaida, la kutengenezea vitanda na madirisha, huanza kama utepe wa bati. Utepe unakunjwa hadi kingo zake mbili zikutane, kisha zinaunganishwa kwa moto kutoka mwanzo hadi mwisho. Bomba la namna ya pili huanza kama chuma kizima kilichopashwa moto hadi kikawa chekundu, kikatobolewa katikati. Ndugu wawili Wajerumani, Reinhard na Max Mannesmann, ndio waliovumbua njia hiyo katika miaka ya 1880. Baadaye bomba huvutwa kupitia tundu jembamba likiwa baridi, na kuvutwa huko hulikaza.

Niliangalia kwenye Kiingereza, nikakuta kimeona jambo lilelile kwa jicho la mshonaji. Basi nikamwambia Papa Fundi kwamba wanataka tiyo isiyo na mshono.

«Banashonaka tiyo?» aliuliza kijana mmoja wa garaji, na wote wakacheka upya.

Lakini Papa Fundi hakucheka. Alitazama suruali yake, akafuata kwa kidole mshono unaoteremka pembeni mwa mguu hadi kwenye kifundo. Kisha akaenda kwenye kona walipoweka mabomba ambayo yaya alikuwa ameshanunua, akatia kidole ndani ya moja, akakisukuma taratibu. Kulikuwa na tuta jembamba, kama kovu, linalokwenda na urefu wote wa bomba.

Akakata kipande cha kiganja kimoja, akakiweka juu ya fuawe, mshono ukiwa ubavuni, akakipiga nyundo. Katika pigo la tatu kilipasuka, kikafunguka kwenye mstari uleule kama ganda la haragwe. Tulipopima unene tukakuta milimita 1.5. Kanuni inataka bomba kuu liwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au kipenyo cha milimita 50 na unene wa 2.0, tena la chuma kinachohimili mvuto wa nyutoni 350 kwa kila milimita ya mraba. Mabomba ya yaya yalikuwa mabomba ya vitanda.

Yaya alikasirika, na sikumlaumu. Fedha zilikuwa zimekwenda, na duka halirudishi fedha. Alisema tuyapake rangi, nani atajua. Papa Fundi alipotikisa kichwa, yaya alitoa hoja ambayo hata leo siioni kuwa ya kijinga. Kila siku, alisema, watu wanatoka Kamina wamekaa juu ya magunia ya mahindi, juu ya malori, bila mkanda na bila paa. Mama yetu mwenyewe amesafiri hivyo. Hakuna anayewaletea kanuni za Ulaya. Kwa nini yeye, mwenye kofia ngumu, mkanda na kizimba, hata kama ni kizimba cha mabomba ya vitanda, ndiye azuiwe?

Papa Fundi alichukua muda kabla ya kujibu. «Ule wa lori anajua hana kitu,» alisema. «Anashika kamba, anaomba Mungu, na dereva akikimbia anamupigia kelele. Weye utaona tiyo juu ya kichwa, utakanyaga. Utakanyaga juu ya tiyo hii.» Kisha akaongeza: «Miye sitasude jina yangu pale.»

Nimeyafikiri maneno hayo mara nyingi, hata darasani. Tunafundishwa kwamba tafsiri nzuri ni ile inayofikisha maana. Papa Fundi alinionyesha kwamba neno hubeba pia ahadi. Ukimwambia mtu «hiki ni kizimba», umemwahidi kwamba paa halitamwangukia, naye ataongeza mwendo kwa kadiri anavyokuamini. Kizimba cha uongo kinaweza kumfikisha mtu pabaya kuliko kutokuwa na kizimba, kwa sababu aliye mtupu hujihadhari.

Jambo la pili linahusu Kiswahili chenyewe. Wako wanaosema kwamba lugha yetu haiwezi sayansi, na wanatoa ushahidi wa majina ya Kifaransa yaliyojaa garajini. Mimi sioni aibu katika amoritisere. Kifaa kilikuja na jina lake, tukapokea vyote viwili. Lakini siku ile neno la kigeni ndilo lililoficha maana, na neno la fundi cherehani likaifichua. Hatukuhitaji kuunda istilahi ofisini. Mshono ulikuwepo tayari, kwenye suruali ya kila mtu aliyesimama pale, ukingoja mtu auazime.

Tangu siku hiyo ninaandika orodha. Ina safu tatu: neno la garaji za Kamina, neno la Kiswahili sanifu, na maelezo mafupi ya kazi ya kifaa, kwa maneno ambayo kijana aliyeacha shule ya msingi anaweza kuyasoma. Nimefikia maneno 64. Pale ambapo safu mbili za kwanza zinapigana sifuti lolote. Fundi wa Kamina akikutana na fundi wa Kigoma, watahitaji yote mawili. Safu ya tatu ndiyo ngumu, kwa sababu siwezi kuiandika kabla ya kwenda kukitazama kifaa kikifanya kazi. Nimejifunza kwamba ukishindwa kueleza kitu kwa Kiswahili, mara nyingi ni kwa sababu hujakielewa kwa Kifaransa.

Yaya hajaenda Zambia. Mabomba yanayotakiwa yanatafutwa Lubumbashi, kwa wanaouzia migodi, na bei yake imemfanya arudi kwenye samaki kwa nguvu zote. Mabomba ya kwanza Papa Fundi aliyanunua kwake kwa nusu ya bei, akatengeneza vitanda viwili vizuri sana. Starlet inatembea. Kwa kuwa haina viti vya nyuma, inabeba magunia kutoka stesheni vizuri kuliko gari jingine lolote la ukubwa wake, na inasimama pale inapoambiwa kusimama.

Juzi nilipita garajini nikamkuta yule kijana aliyecheka akiongea na mteja aliyetaka kutengenezewa kizuizi cha mbele cha lori. Mteja alikuwa amekuja na bomba lake mwenyewe begani. Kijana alilipokea, akatia kidole ndani, akafumba macho kidogo.

«Papa,» alimwambia, «hii iko na mushono. Ya kitanda itafaa. Ya kuokoa mutu, hapana.»