"Mchina Tu Huyo"

Najua nimepotea karibu mwezi mzima na kuna walioanza kuulizana kama nimedisko. Hapana jamani, bado nipo Mlimani, mwaka wa tatu, Ualimu, Kiswahili na Historia. Ni semina juu ya semina, bumu limechelewa kama kawaida yake, na juu ya hayo yote kuna jambo limenikaa moyoni. Leo nimeona bora niliandike, hata kama litanipa aibu.

Chumbani kwetu tupo wanne, na tangu mwaka huu wa masomo uanze mmoja wetu ni dada kutoka China. Jina lake nalihifadhi. Tumwite Subira, maana huko kwao wanaosoma Kiswahili hupewa majina ya Kiswahili, na lake linafanana na hilo. Mimi nilidhani Kiswahili kimefika China juzi juzi na wakandarasi wa barabara. Kumbe Beijing wanakifundisha tangu miaka ya 1960, na redio yao ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961! Kabla ya hapo, China niliyoijua mimi ilikuwa Doudou na Mama Wakwe Zake, ile tamthilia iliyotiwa sauti za Kiswahili ikaonyeshwa TBC mwaka 2011, tukiwa watoto.

Basi bwana, Subira alifika mwezi wa kumi na moja, na begi moja na chupa ya chai. Chupa haina chai, ina maji ya moto. Joto la Dar mnalijua, sisi tunatafuta maji ya kandoro ya barafu, yeye anapuliza maji ya moto taratibu. Tukamwuliza unaumwa? Akasema hapana, nyumbani bibi yake amemkataza maji baridi tangu azaliwe. Ana na daftari dogo la bluu. Kila neno jipya analosikia, analiandika humo pamoja na mfano wa sentensi. Likumbukeni hilo daftari.

Kiswahili chake cha kitabuni kilikuwa kizuri kuliko cha wengi wetu. Shida ilikuwa kwetu sisi. Siku ya kwanza alimwamkia "hujambo" muuza vocha, akajibiwa "freshi". Akamwambia "shikamoo" kijana wa mwaka wa pili, chumba kizima kikacheka hadi machozi. Halafu ikaja "nakuja". Nilimwambia "nakuja sasa hivi", nikatoka. Nilirudi baada ya saa nzima nikamkuta amesimama pale pale, anaogopa hata kwenda msalani. "Dada," akaniuliza, "kwa nini mtu anayeondoka anasema nakuja?" Nikaishiwa pozi. Nina karibu digrii ya Kiswahili na sikuwa na jibu.

"Karibu chakula" nayo ilimponza. Alipita mahali wanafunzi wanakula, wakamwambia karibu, naye akakaa akala kweli, akamaliza na maharage! Nilipomweleza kwamba mara nyingine ile ni heshima tu, akacheka, akasema hata kwao wazee huuliza "umekula?" kama salamu, na ukijibu bado hakuna anayekwenda kukupikia. Na "pole na kazi", ambayo Wazungu wengi huwashinda kuielewa, yeye aliielewa siku hiyo hiyo. Kwao wanasema "xinku le", maana yake ile ile, umetaabika, tunaona.

Sokoni Mwenge ndiko nilikocheka zaidi. Mama mmoja alikuwa akinadi mboga, "Chainizi! Chainizi mia tano!" Subira akageuka, akaitika kwa adabu, "Naam, mama?" Nikamwonyesha fungu la majani, nikamwambia hiyo ndiyo chainizi, tunakula na ugali. Akasimama akiyatazama yale majani kama ndugu yake aliyepotea. Mama akamwongezea fungu bure, "Chukua mwanangu, si ya kwenu hii?"

Darasani pia alikuwa na yake. Kilichomshangaza kwanza ni semina. Alimwona mwanafunzi akimwambia mhadhiri "hapo sikubaliani nawe", na mhadhiri akatabasamu. Kwao, anasema, ungeandika kwanza, ungeuliza baadaye. Lakini swali lake lililonichoma kama mwalimu mtarajiwa lilikuwa kuhusu lugha. Aliniona naandaa somo la Historia kwa ajili ya TP, kidato cha kwanza, kwa Kiingereza. Akauliza, "Wanafunzi wanazungumza nini nyumbani?" Kiswahili. "Na wewe?" Kiswahili. "Sasa kwa Kiingereza mnamwambia nani?" Yeye amesoma hesabu, fizikia, kila kitu kwa Kichina, mpaka mtihani wao mkubwa wa kuingia chuo, gaokao, ule unaofanyika kila mwezi wa sita. Nikaanza kumpa zile sababu tulizofundishwa, soko la ajira, utandawazi. Nikajisikia naongea kama mtu anayesoma tangazo.

Sasa msidhani ilikuwa raha tupu. Ukitembea na Subira ndipo unajua tulivyo. Kila baada ya hatua kumi, "Mchina! Mchina!" Makonda wanapiga zile kelele za kung fu. Watu wanamshukuru kwa maktaba, ile mpya iliyofunguliwa mwaka 2018 kwa msaada wa China, inayoingiza watu 2,100 kwa wakati mmoja, kana kwamba alibeba matofali yeye. Mwingine anamdai maelezo kwa nini simu yake imezima. Mimi nilikuwa namwambia usijali, ni utani, tunawapenda. Na yeye alikuwa mkweli, alisema hata mjini kwao mgeni akipita watoto humnyooshea kidole na kuita "laowai", na bibi yake alimwuliza kama huku atalala ndani ya nyumba. "Kwa hiyo nazoea," alisema.

Sasa naingia kwenye aibu yangu. Mwezi wa pili chaja yangu iliungua, ya tatu tangu mwaka wa kwanza. Subira alikuwa kitandani kwake, spika za masikioni zimo. Nikawaambia wenzangu, haraka haraka, kwa Kiswahili chetu cha mtaani, "Si niliwaambia? Mchina tu huyo, hamalizi mwezi." Tukacheka. Mmoja akaongezea kwa kumwonyesha Subira kwa macho, "Huyu je, atamaliza mwaka?" Tukacheka tena, na mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kubwa. Yeye hakugeuka.

Wiki mbili baadaye aliniomba nimkagulie daftari la bluu, kwa sababu alitakiwa kuwasilisha orodha ya maneno kwa mwalimu wake. Nikapitia. "Nakuja" ilikuwepo, imepewa maana mbili. "Chainizi" ilikuwepo, na kamchoro ka jani. Kisha nikafika herufi M.

"Mchina. 1. Mtu wa China. 2. Kitu kibovu, kisichodumu. Mfano: Mchina tu huyo, hamalizi mwezi."

Mwandiko wake mzuri, wino mweusi, na sentensi yangu neno kwa neno. Hakuandika jina langu. Masikio yaliniwaka moto. Nikataka kusema ilikuwa chaja, nilisema kuhusu chaja! Lakini kicheko cha pili hakikuwa cha chaja, na wote wawili tulijua.

Nikamwambia, "Nisamehe mdogo wangu." Akanyamaza. Nikamwambia basi hiyo maana ya pili tuifute, haifai kwenda kwa mwalimu. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini watu wanaisema. Nikiifuta, kesho nikiisikia nitafanya nini?" Hakuwa na hasira. Afadhali angenifokea.

Usiku ule sikulala. Nikamkumbuka babu yangu, mzaa baba, anayeishi upande wa Mlimba. Yeye alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 toka Dar mpaka Kapiri Mposhi. Kipande cha kwao, Mlimba kupanda Makambako, ndicho kilichowatoa jasho, milima, madaraja na mahandaki. Tangu nikiwa mdogo babu anapenda kusema "Mchina wangu". Mchina wangu alinifundisha kuchonga mwamba. Mchina wangu alikuwa anashika sululu mwenyewe, hakai kivulini. Mchina wangu siku moja aliumizwa na jiwe, akapelekwa, hakurudi. Jina lake babu hakuwahi kulijua vizuri.

Kesho yake nikampigia babu, nikaweka sauti ya nje. Subira akasema, "Shikamoo babu." Babu akajibu, "Marahaba mjukuu wangu," halafu bila kuulizwa akahesabu, "yi, er, san, si, wu!" Subira akashika mdomo. Wakaongea dakika kama kumi na tano, vocha yangu ikateketea, na sikujali. Mwisho babu akauliza, "Mjukuu wangu, nasikia wenzenu wamezikwa huko Dar. Mchina wangu yupo?"

Kweli yapo makaburi, upande wa Gongo la Mboto, ya wataalamu wa Kichina karibu 70, wengi wao waliokufa kwenye kazi ya ile reli. Miaka mitatu niko Dar, nasoma Historia, sikuwahi kufika. Mwanzoni mwa mwezi wa nne Wachina wana siku yao ya kusafisha makaburi ya wazee wao, wanaiita Qingming. Subira aliponiambia atakwenda, nikamwambia twende wote. Tukaunga daladala mbili na bodaboda.

Pako kimya. Mawe yamepangwa mistari, na maandishi ya Kichina. Subira alipita akisoma majina kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, na mimi nikamfuata nyuma sijui hata kusoma herufi moja. Ilikuwa zamu yangu ya kuwa mgeni. Mchina wa babu hatukumpata, ungemtafutaje mtu usiyemjua jina? Subira akasema pengine yupo, pengine alirudishwa kwao. Akamwaga maji kidogo kutoka kwenye chupa yake, bado ya moto. Nikasema "pole na kazi", kwa wote. Naye akasema ile yao.

Tuliporudi sikumwomba tena afute kitu. Juzi ameliacha daftari mezani, limefunguliwa, sijui kwa makusudi au vipi. Maana ya pili bado ipo, na mfano wangu bado upo. Chini yake ameongeza, "3. Mchina wangu: mtu aliyemfundisha mtu kazi, asiyesahauliwa. Mfano wa babu."

Wadau, mimi natarajia kusimama mbele ya watoto hamsini au zaidi mwezi wa saba na kuwafundisha maneno. Nimejifunza kwamba kuna mtu kitandani upande wa pili anayaandika. Wale wenzangu wa chumbani nimewaambia, mmoja ameshaomba radhi, mwingine anasema nimezidisha. Tutaona.

Haya, kesho nina semina ya saa mbili asubuhi na sijasoma kitu. Subira anawasalimu, anasema nikichapisha hii nihakikishe "xinku le" nimeiandika sawa. Kama una lako la kusema, sema, hata la kunisuta. Nakuja!

(Ile ya kweli, siyo ya kuondoka.)