Sanduku la Kufuli Tatu

Kila shirika dogo Nairobi lina kijana wake wa kompyuta. Jina lake halipo kwenye orodha ya wafanyakazi, hana kiti ofisini, na kwenye simu ya mkurugenzi amehifadhiwa kama "Fundi Laptopu". Printa ikigoma anapigiwa. Anakuja na begi mgongoni, anapewa chai na mia tano, kisha anasahaulika mpaka printa igome tena. Nimekuwa kijana huyo kwa miaka mitatu sasa, ingawa kazi yangu hasa ni kuandika.

Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokosekana. Wala sikuwa nasomea kompyuta, nilikuwa nasomea isimu. Nikaanza kuandikia mashirika ripoti za wafadhili, nikilipwa kwa ukurasa. Lakini ukishaingia ofisi ya watu ukiwa na laptopu na miaka ishirini na kitu, umri wako ndio cheti chako. "Kijana wangu, hebu tuangalizie hii barua pepe, imekataa." Unaangalia, inakubali. Kuanzia siku hiyo wewe ni mtu wa IT, upende usipende.

Sioni ubaya wa shirika kutafuta mtu wa nje kwa kazi hii. Kundi la watu wanne haliwezi kuajiri mtaalamu wa kudumu, na pesa nyingi za wafadhili huja zikiwa tayari zina wenyewe: hizi za semina, hizi za unga, hizi za nauli. Za rauta hazimo. Kwa hivyo ni lazima aitwe mtu. Swali ambalo watu hawaulizi ni hili: mtu huyo akiondoka, anaondoka na nini?

Mwaka jana niliitwa na kundi moja la kina mama huko Kayole. Wanawatembelea wagonjwa majumbani, wanawapelekea dawa, wanawafuata walioacha kuonekana kliniki. Mimi nilikuwa nimeenda kuandika ripoti ya robo mwaka, na zilikuwa zimebaki siku tano. Tukakuta barua pepe ya kundi imejifunga. Ilitaka kutuma namba ya uthibitisho kwa simu inayoishia na 47. Kina mama wakatoa simu zao, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyekuwa na 47. Mwekahazina ndiye aliyekumbuka: ilikuwa namba ya kijana aliyewafungulia akaunti 2019. Kijana mwenyewe alikuwa ameshaenda Qatar, kazi ya ulinzi.

Mimi nilikuwa nawaza ripoti. Mwenyekiti alikuwa anawaza kingine. Ndani ya akaunti ile kulikuwa na orodha ya wagonjwa wao wote: jina, ploti, namba ya nyumba, dawa anayotumia. Katika mtaa ambapo ukuta mmoja unagawanya familia mbili, jina la dawa peke yake linaweza kumfanya mtu ahamishwe na landilodi. Na laini isiyotumika hufungwa, halafu siku moja ikauzwa kwa mtu mwingine.

"Mfadhili tutamwomba radhi," mama alisema. "Hawa watu wetu tutawaambia nini?"

Nilimtafuta yule kijana Facebook. Akajibu usiku, baada ya shifti, kwa ujumbe wa sauti. Hakuwa na kinyongo, alikuwa amechoka tu. "Buda, hao wamathe ni poa sana. Lakini nilipiga kazi mwaka na nusu, nikalipwa mara mbili. Nikiuliza, naambiwa mimi ni volantia." Laini alikuwa amemwachia mamake ushago. Kesho yake dadake mdogo akatusomea ile namba kwa simu, tarakimu moja moja, huku kuku wanalia nyuma yake. Tukaingia. Ripoti ikaenda ikiwa imebaki siku moja.

Nilitaka kumkasirikia huyo jamaa, nikashindwa. Mimi mwenyewe nina ofisi zenye deni langu, na za hizo ofisi nina paswadi kichwani. Mtu asiyelipwa, asiye na mkataba, ambaye hajawahi kuulizwa arudishe chochote, amekabidhiwa siri za watu mia mbili. Hajaiba. Amebaki nazo tu, kama vile mtu anavyobaki na mwavuli wa jirani.

Msidhani ni shida ya mtaani pekee. Blackbaud ni kampuni ya Marekani inayotunza data za mashirika ya misaada, vyuo na hospitali. Mwaka 2020 ilivamiwa na wadukuzi, ikawalipa. Wateja wake zaidi ya 13,000 waliguswa, na 2023 kampuni ilikubali kulipa majimbo ya Marekani dola milioni 49.5. Lakini barua za kuwaeleza wachangiaji kilichotokea ziliandikwa na mashirika yenyewe. Kazi unaweza kumpa mtu wa nje. Aibu inabaki kwako.

Sheria yetu inasema karibu hivyo hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtenganisha anayeamua data itumike vipi na anayeishughulikia kwa niaba yake, na inataka kati yao kuwe na mkataba wa maandishi. Habari za afya ya mtu inaziweka kwenye kundi la data nyeti. Haisemi kwamba ukiwa kundi dogo la kina mama umesamehewa.

Cha kushangaza ni kwamba kina mama hawa tayari walikuwa na mfumo. Pesa za chama chao hukaa kwenye sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na wanawake watatu tofauti, na sanduku lenyewe hukaa kwa wa nne. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, na akihama anakabidhi ufunguo mbele ya kikao. Niliwauliza kwa nini barua pepe haikuwekwa hivyo. Mwekahazina akacheka. "Si tulidhani hiyo ni ya kijana?"

Basi tulikaa Jumamosi moja tukaifanya iwe yao. Namba ya simu ikawa ya mwenyekiti, na ya katibu ikaongezwa. Google hukupa namba 10 za dharura unazoweza kuchapisha. Tulizichapisha, zikaingia kwenye bahasha, bahasha ikaingia kwenye sanduku la bati. Orodha ya wagonjwa ikapewa paswadi yake, inayojulikana na watu wawili, na mimi si mmoja wao.

Mwisho tukaandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili: fundi anaruhusiwa kugusa nini, anakabidhi nini akiondoka, na anakabidhi kwa nani. Nikaomba tuongeze mstari mmoja, fundi analipwa kiasi gani na tarehe ngapi. Mwenyekiti alinitazama kidogo juu ya miwani, akauandika kwa mkono wake, akasaini, akanipa kalamu.