Nyumba ya Jamaa za Wagonjwa katika Philadelphia

Katika nchi ya Marekani uko mji uitwao Philadelphia, ulioanzishwa na William Penn mwaka 1682. Maana ya jina hilo kwa Kiyunani ni upendo wa ndugu, na mjini humo ilifunguliwa nyumba iliyostahili jina hilo.

Watoto wenye saratani waliletwa huko toka mbali, wakatibiwa siku nyingi. Mtoto alipewa kitanda, bali wazazi wake walilala vitini hospitalini, wala hawakuwa na mahali pa kupika. Dr. Audrey Evans, mzaliwa wa Uingereza, aliyewatibu watoto hao, alitamani wazazi wapate nyumba karibu. Fred Hill, mchezaji mpira wa timu ya Eagles, alikuwa na binti mwenye saratani ya damu, naye aliyaona mateso hayo kwa macho yake. Wachezaji wakachanga fedha, na wauza chakula wa McDonald's wakatoa faida ya kinywaji chao kimoja. Mwaka 1974 nyumba ikafunguliwa, ikaitwa Ronald McDonald House. Leo ziko mamia katika nchi nyingi.

Katika nyumba hizo kila jamaa hupewa chumba chake, lakini jiko ni la wote. Na jikoni ndiko iliko faraja: mama aliyefika jana humkuta mwenzake aliyekaa miezi, wakapika pamoja, wakaelezana habari za watoto wao.

Basi sisi tukaao karibu na hospitali, tukimwona mgeni ameketi chini ya mti na kifurushi chake, tumwulize, “Je, umepata pa kulala?”