Mawe Hayaazimwi

Mbele ya nyumba yetu Paje, baina ya baraza na mnazi uliopinda, palikuwa na rundo la mawe. Nilizaliwa nikalikuta. Watoto tulilipanda, kuku walitaga nyuma yake, na mgeni akiuliza kwa bibi ni wapi aliambiwa nenda mpaka penye mawe. Nilikuwa nimeshaingia darasa la tatu nilipofahamu kuwa lile rundo ndiyo benki yetu.

Benki ya kweli ilikuwako. Benki ya Watu wa Zanzibar imeanza 1966, mimi sijazaliwa. Lakini ilikuwa mjini, na kwenda mjini ni kupanda gari la bodi ya mbao alfajiri, upite Jozani, ufike jua limeshapanda na nauli imekula nusu ya ulichokusudia kuweka. Kwa hiyo bibi akiuza kamba zake za usumba, au baba akirudi dago na chochote, kilichobaki baada ya unga na mafuta ya taa hakikulala ndani. Kilikwenda kwa mchimba mawe, kikarudi kimekuwa mawe kumi, mawe saba, siku nyengine manne tu. Gari la ng'ombe likiyashusha, bibi huyahesabu kwa ncha ya bakora, moja moja, hata kama ni manne.

Upande wetu huu wa mashariki ya Unguja ardhi yenyewe ni jiwe. Ukichimba shimo la kupandia mnazi unakutana na matumbawe ya kale kabla jembe halijapata joto. Kazi ni kumpata mtu wa kuyavunja, na kuipata chokaa ya kuyashikanisha, ambayo nayo ilichomwa kwa magogo ya minazi yaliyopangwa duara, mawe juu yake, moto ukae mpaka uamue wenyewe kuzimika. Nyumba haikujengwa kwa mwaka mmoja. Ilikusanywa.

Nazungumzia miaka ya themanini. Wakubwa bado walikuwa wakisimulia foleni za mchele na sukari za enzi ya Mzee Karume, na nyengine zilizofuata baada yake. Karafuu, iliyokuwa ikiilisha Serikali, ilianguka bei, kwa kuwa Indonesia, mnunuzi wetu mkubwa, walianza kujitosheleza kwa karafuu yao wenyewe. Mwaka 1984, Mzee Ali Hassan Mwinyi akiwa Rais wa Zanzibar, biashara ikafunguliwa, na maduka ya mjini yakajaa vitambaa na sabuni. Sisi wa shamba tuliviona vitu kabla hatujaziona pesa za kuvinunulia. Na pesa yenyewe ilipungua nguvu mtu akiwa usingizini. Bibi hakusoma uchumi, ila alikuwa na kauli yake: noti hulala kubwa ikaamka ndogo.

Kibiriti kilikuwemo ndani, lakini njiti haikuwashwa hovyo. Magharibi nilipewa kipande cha kumbi la nazi nikaombe moto kwa jirani. Unalichomeka jikoni kwake, linashika bila kutoa ulimi, wekundu tu unaotembea kwenye nyuzi, na wewe unarudi mbio ukilipuliza huku moshi unakuingia machoni. Kesho yake ni zamu ya mtoto wao kuja kwetu. Kibiriti kimoja kilimaliza mwezi. Na katika kule kuchuchumaa kwenye jiko la watu nilijua nani kapata mchumba na nani hawasemeshani, kwa hiyo sikuwahi kuichukia ile kazi.

Kanga nayo haikufa mara moja. Doti ya mama ya Sikukuu ilianza kwenye harusi na hitima. Ikipauka, ikawa ya kupikia. Ikitoboka, ikawa ya kuendea pwani kupiga pweza maji yakitoka. Kisha mbeleko, kisha winda za mtoto, kisha tambara la kuepulia sufuria, na mwisho wake kabisa mama aliichana ukanda mwembamba, akausokota pajani, akautia kwenye kibatari uwe utambi. Nimesoma hesabu za skuli kwa mwanga wa kanga niliyobebewa mgongoni. Sketi yenyewe ya skuli ilinunuliwa kubwa kuliko mimi na kukunjwa pindo, kila mwaka pindo likashushwa kidogo, na kila pindo likaacha mstari wake. Mwalimu wetu mmoja alikuwa akihesabu mistari ya sketi zetu kwa mzaha, anasema hivi ndivyo anavyojua nani karudia darasa.

Lakini mambo yote hayo yalifanyika kila nyumba. La bibi mwenyewe lilikuwa chungu cha ukufi.

Mchele wetu ulipimwa kwa kibaba. Bibi akishapima, kabla ya kuupeta, huingiza mkono akatoa ukufi mmoja akautia kwenye chungu kidogo kilichofunikwa kwa kawa, pembeni mwa uvungu wa kitanda. Ukufi mmoja kila mpiko. Hata siku ambayo kibaba chenyewe hakikujaa. Mimi nilikuwa mlafi, na nilimuona bibi mtu mbaya kwa ule ukufi. Nilijua kabisa kwamba ndio ungekuwa ukoko wangu. Siku moja nilisubiri aende kisimani nikachota kutoka kwenye kile chungu, nikaurudisha mchele kwenye ungo. Alivyorudi alitazama ungo, akatazama mkono wangu, akatia mkono wake mkubwa akatoa kufi mbili. Hakuniambia neno. Usiku ule nilikula muhogo.

Kile chungu kilikuwa cha nini nilikiona siku alipokuja kaka yake bibi kutoka Makunduchi. Alifika adhuhuri, kanzu imelowa jasho, akakaa barazani, akanywa maji kata mbili, akauliza habari za kila mtu mpaka za mbuzi. Sisi watoto tulijua. Mtu anayeuliza habari za mbuzi ana lake.

"Dada, nimekwama," alisema mwisho. "Niazime chochote. Mwezi ukiandama nitakurejeshea."

"Pesa sina, kaka yangu. Ziko pale." Bibi akanyoosha mkono kwenye rundo.

Babu akayatazama mawe kitambo. "Sasa nichukue jiwe?"

"Chukua. Ukimpata mwenye duka wa kukubadilishia, uniletee chenji."

Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Na bibi akacheka. Kisha chungu cha ukufi kikatoka uvunguni. Ulipikwa wali wa nazi wa siku ya Idi, tui la kwanza lote ndani yake bila kuwekewa mpiko wa jioni, na pweza aliyekuwa ameanikwa ng'onda juu ya paa akateremshwa. Babu alipoondoka alasiri alikuwa na pakacha lenye mchele na nusu ya pweza, na uso wa mtu aliyepewa. Pesa hakupata hata senti.

Nimelifikiria jambo hili zaidi ya nilivyofikiria mengi niliyosomeshwa. Siku hizi wanatufundisha kuweka akiba kana kwamba adui wa akiba ni matumizi: punguza hiki, acha kile, weka asilimia kadhaa. Kwa bibi matumizi yalikuwa yameshapunguzwa na Mungu. Kilichomaliza pesa Paje ni kuombwa. Ukiwa nayo na nduguyo anayo shida, utampa. Na ukimnyima, kijiji chote kitajua kabla ya Isha, na siku yako ya shida hutakuwa na pa kwenda. Bibi aliogopa kunyima kuliko alivyoogopa ufukara. Kwa hiyo pesa aliigeuza kitu kisichoazimika, na chakula akakiacha kiwe kitu asichomnyima mtu. "Pesa ina masikio, ikiitwa huitika," alikuwa akisema. "Jiwe kiziwi."

Mama hakuyasikiliza hayo mpaka yalipomfika. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kilianza kwetu, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Wanaume walicheka, baba alisema bahari imekuwa bustani ya mchicha. Wakati wa bamvua, maji yakitoka mpaka karibu na mwamba, wanawake walishuka na vijiti na kamba, wakafunga vichipukizi kimoja kimoja kwa taitai, migongo imeinama saa nyingi kwenye maji ya magotini. Wiki sita hivi, ukavuna. Gunia ulilolibeba linakuchuruzikia maji mpaka kisigino, likikauka linakuwa mzigo wa mtoto. Vifaa vililetwa na mnunuzi, bei ikapangwa na mnunuzi huyohuyo, na mizani alikuja nayo yeye. Mama alilalamika kila mauzo na kila bamvua akashuka tena, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kutia mkononi pesa ambayo haikupitia kwa mume.

Akanunua kibubu. Mwaka mzima tulisikia sarafu zikianguka ndani yake usiku, na ikiwa sisi tulisikia, jirani alisikia. Siku alipokipasua, kwa nia ya kununua mabati, ukaja msiba, ukafuata mchango wa harusi ya mtoto wa shemeji, ukafuata ugonjwa wa mtu ambaye mpaka leo sijui udugu wetu naye. Siku ya tatu mama alikuwa na vigae vya kibubu tu. Bibi akavifagia kwa chelewa bila kusema kitu, na hilo, nakuhakikishia, lilikuwa zito kuliko maneno.

Kuanzia hapo mama akinunua bati moja kila akiuza. Aliyasimamisha nyuma ya mlango wa chumba, yakafika kumi na moja. Hapo tena bahari ikatukumbusha kuwa iko hatua mia mbili tu. Upepo wa kusi uliingiza chumvi mpaka ndani, sakafu ikatoa unyevu, na tulipoyageuza ili tuyaezeke, kingo za chini zilikuwa zimeliwa na kutu. Manne yalitupwa. Hakuna akiba isiyo na mchwa wake. Ya bibi ilikaa kwa kuwa mchwa wake hajaumbwa bado.

Bibi alifariki kabla ya chumba cha pili kufika linta. Nyumba mpya tuliihamia 1996, kuta zake zote ni lile rundo nililokuwa nikilipanda, na paa la mabati tulilolazimika kuongezea kwa makuti upande wa jikoni.

Mimi sasa nakaa Michenzani, ghorofa ya tatu, napikia gesi. Pesa yangu iko ndani ya simu, na kila jamaa anayo namba. Mwezi ukifika tarehe kumi na tano huwa sina kitu, na si kwa sababu nimekula. Paje ukienda leo utaona hoteli mpaka mwisho wa macho, na vijana wa Kizungu wakivutwa na matiara makubwa juu ya maji yaleyale ambamo mama alikuwa akifungia taitai. Penye mnazi uliopinda yamebaki mawe sitini na kitu. Mwaka jana fundi wa hoteli moja alikuja kuuliza bei. Mama alimwambia akae anywe chai, akampa na muhogo, akamwambia hayauzwi: kuna chumba bado hakijajengwa.